Mngurumo wa Namba Kumi na Nne

Nchi ninayotaka kuisema ina katiba, ina wimbo, na ina barabara moja nzuri. Jina lake sitalitaja, kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa na mimi bado naishi humo. Barabara hiyo inaitwa Barabara ya Heshima. Inatoka uwanja wa ndege hadi Ikulu, kilomita tatu na nusu, na pande zote mbili imepandwa mikungu. Mkungu ni mti mwema wenye kivuli kipana, lakini una tabia moja ambayo serikali haijawahi kuizoea: unaangusha majani. Majani yake ni makubwa kama sahani, ni mekundu, na hayafuati ratiba.

Zamani barabara ilifagiliwa na wanawake arobaini wenye fagio za chelewa. Walianza alfajiri wakamaliza kabla jua halijakaza, na hakuna aliyejua kwamba hilo lilikuwa tatizo. Ndipo Mtukufu Kiongozi aliposafiri ng'ambo kwa siku tisa kutazama maendeleo. Huko, kupitia dirisha la hoteli, akamwona mtu amesimama wima, mashine mgongoni, anapuliza majani kwa bomba. Alimtazama kwa saa nzima. Mkutano uliompeleka huko ulikuwa unaendelea ghorofa ya chini.

Aliporudi alihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeona kwa macho yangu raia wa wenzetu akisafisha bila kuinama. Nikajiuliza, sisi tumeinama tangu lini, na tumeinama kwa ajili ya nani? Fagio ni chombo cha kumwinamisha mwananchi. Kuanzia leo, taifa hili linasimama wima."

Makofi yalipigwa kwa dakika kumi na mbili. Fagio zilikusanywa uwanjani zikachomwa moto mbele ya mabalozi, na bunge likapitisha sheria kwamba kukutwa na fagio kwenye Barabara ya Heshima ni kosa la jinai. Sisi wanawake arobaini tulipewa vyeti vya kusimama wima, tukaambiwa twende nyumbani. Cheti changu ninacho. Kina mhuri.

*

Kazi ilihamia kwa wanaume sitini waliochaguliwa kwa upana wa mgongo. Mume wangu, Zakayo Mtepa, alipimwa kwa futi ya fundi nguo akaonekana anafaa. Akapewa mashine ya petroli, namba kumi na nne, na kuanzia siku hiyo serikali haikumwita tena kwa jina jingine.

Mashine ile ilikuwa na uzito wa debe la maji. Ilikunywa petroli iliyochanganywa na oili, ikawashwa kwa kuvuta kamba, na asubuhi za baridi ilikohoa mara tatu nne kabla ya kukubali. Ikishakubali, ilinguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini upande wa pili wa mji. Moshi wake ulitokea karibu na sikio la kulia la aliyeibeba, ukamzunguka usoni kabla ya kwenda zake.

Ili kazi isimamiwe kisasa, aliteuliwa Mkaguzi Mkuu wa Mngurumo, Bwana Lutengano. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nne ya Jengo la Usafi, dirisha likitazama ukuta. Hakuhitaji kuona. Alikaa na daftari la mahudhurio na kipaza sauti, akasikiliza, kwa maana kila mashine, alisema, ina sauti yake kama mtu. Saa moja kamili asubuhi alisoma daftari na barabara nzima ikamsikia: "Namba kumi na mbili, yupo. Namba kumi na tatu, hayupo. Namba kumi na nne, yupo." Mtukufu naye, kitandani kwake Ikulu, alisikia mngurumo ule akajua nchi inafanya kazi, akageukia upande wa pili.

Mwaka wa pili Zakayo akaanza kukohoa. Mwaka wa tatu akawa anakohoa akiwa amekaa. Daktari wa hospitali alimsikiliza kifua, akaandika barua ya mstari mmoja: "Mgonjwa huyu asivute moshi wa petroli." Tulikwenda nayo wote wawili ghorofa ya nne.

Bwana Lutengano aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumpigia mtu kelele.

"Baba Tulizo," alisema, "hapa daktari amekosea idara. Moshi uko Wizara ya Hewa. Mimi nashughulika na mngurumo."

"Lakini mashine ni moja, mkuu," Zakayo akasema.

"Mashine ni moja, wizara ni mbili. Kikohozi chako chenyewe kinasikika vizuri, sijaona tatizo."

"Wizara ya Hewa iko wapi?" nikauliza mimi.

"Haijaundwa bado, shemeji. Iko kwenye mpango."

*

Bahati ilikuja kwa njia ya mkutano. Mataifa yalikubaliana kukutana kwetu kujadili hewa safi, na wafadhili, kwa aibu ya kufika uwanja wa ndege wakakuta moshi, wakatanguliza zawadi ya mashine thelathini za betri. Zilikuwa nyepesi, za rangi ya kijani, na hazikuwa na kamba wala plagi ya kuwashia wala harufu. Ukibonyeza kitufe, zilitoa sauti kama ya mtu anayepuliza uji wa moto.

Bunge likagawanyika. Wanapetroli walisema betri haina harufu ya kazi, na kwamba mwanamume anayerudi nyumbani bila kunuka oili atajielezaje kwa mkewe. Wanabetri walisema petroli inachafua hewa anayovuta Mtukufu, wakakaa chini haraka, kwa sababu hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kusema Mtukufu anavuta hewa. Mjadala ulichukua siku kumi na saba. Mwisho wakapatana kwa busara: upande wa kaskazini wa barabara ubaki petroli, upande wa kusini uwe betri. Namba zinazogawanyika kwa mbili ziende kusini.

Kumi na nne inagawanyika kwa mbili. Barua ya daktari haikuhusika.

Siku ile Zakayo alirudi nyumbani saa saba mchana akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu.

"Mama Tulizo," alisema, "ulijua kuna ndege kwenye ile mikungu?"

"Nimefagia pale miaka sita. Nilijua."

"Mimi sikujua. Wanagombana kuliko wabunge."

Akacheka, na kicheko hakikugeuka kikohozi. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikisubiri kigeuke, lakini hakikugeuka.

Mpango wenyewe ulikuwa na kasoro ndogo. Petroli ina nguvu kuliko betri, kwa hiyo kaskazini walipuliza majani yakavuka barabara yakaingia kusini. Kusini wakayapuliza kuyarudisha, taratibu, dakika arobaini hivi, mpaka chaji ilipokwisha. Majani yaleyale yalivuka lami hata mara sita kwa siku, na kila yalipovuka yaliandikwa upya. Mwisho wa mwezi Waziri wa Mandhari alitangaza kwamba taifa limeondoa majani mengi kuliko wakati wowote katika historia yake. Mtu ukipita pale hukuona jani limetulia. Yote yalikuwa safarini.

*

Kilichoharibu mambo ni ukimya.

Kwa wiki tano mngurumo wa kaskazini ulifunika ukimya wa mashine za kijani, hadi ikafika Jumatatu moja. Kaskazini siku hiyo walikuwa wanabadilishiwa plagi, hivyo upande mmoja haukuwashwa na upande wa pili uliwashwa ukawa hausikiki. Mtukufu aliamka saa kumi na mbili na nusu, akasikiliza, asisikie kitu. Akafahamu mara moja kwamba amepinduliwa. Waliokuwepo wanasema alijifungia ndani ya kabati la nguo na simu. Vifaru vikatoka. Redio ikapiga nyimbo za kijeshi. Kikosi kimoja kikaizingira barabara, na askari wakawakuta wanaume thelathini wamesimama wima, wanapuliza majani kwa amani, wakawalaza chini kifudifudi hadi saa sita.

Huku Bwana Lutengano, ambaye hakuona sababu ya kuchungulia, alikuwa ameshasoma daftari: wote hawapo.

Tume iliundwa. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia mbili, na kiini chake kilitangazwa na Mtukufu mwenyewe.

"Hatuwezi kurudisha zawadi ya marafiki zetu," alisema, "na hatuwezi kuwa taifa la watu wanaofanya kazi kimyakimya kama wezi. Kazi isiyosikika haijafanyika. Kwa hiyo mfanyakazi wa betri atanguruma mwenyewe. Mwenyezi Mungu alitupa vinywa kabla hajawapa wenzetu petroli."

Mafunzo yalifanyika wiki mbili chini ya mkufunzi aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Walifundishwa kunguruma kwa kutoa pumzi, kunguruma kwa kuvuta pumzi, na kubadili gia. Kisha ikatoka amri ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi: kila mtu angepimwa siku tatu mfululizo, saa kumi na mbili hadi saa sita, na atakayeshindwa kunguruma angerudishwa kaskazini, kwenye petroli.

Zakayo siku hizo alikuwa hawezi kuita jina la mtu wa chumba cha pili.

Tulipanda tena ghorofa ya nne na barua yetu.

"Naikumbuka hii," Bwana Lutengano alisema. "Asivute moshi. Sasa, Baba Tulizo, si umeshatolewa kwenye moshi?"

"Nimetolewa, mkuu."

"Basi barua imetekelezwa. Hapa kunguruma kumekatazwa wapi?"

"Kifua ni hichohicho," nikasema.

"Shemeji, mimi nasoma kilichoandikwa. Daktari angetaka kusema kifua angesema kifua." Akamrudishia barua kwa mikono miwili. "Jitahidi, kaka. Kaskazini sikutakii."

Tukashuka ngazi. Alipumzika kila ghorofa. Kwenye ya pili akasema, "Nitanguruma kidogokidogo, kwa kuibia."

"Utakufa."

"Na kaskazini je?"

Nikamshika mkono tukamaliza ngazi.

*

Nyuma ya mikungu ya upande wa kusini kuna ua wa michongoma, mrefu kuliko mtu, unaokwenda sambamba na barabara yote. Miaka ya fagio tuliweka vibuyu vyetu vya maji chini yake. Nilijua mahali unapopitika. Siku ya kwanza ya kupimwa niliingia nyuma ya ua saa kumi na mbili kasorobo. Zakayo alikuwa mbele ya ua na mashine yake ya kijani. Alipopiga hatua nami nikapiga hatua. Alipobonyeza kitufe, nikanguruma.

Sikuwahi kupata mafunzo. Lakini nilikuwa nimeisikia ile mashine ya petroli miaka minne, asubuhi na jioni, ikiondoka na kurudi na mume wangu. Niliijua inavyokataa, inavyokubali, inavyopanda kilima kidogo pale karibu na benki. Niliifanya yote.

"Punguza," Zakayo akanong'ona kupitia michongoma. "Unanifanya nionekane lori."

"Wewe tembea. Dereva ni mimi."

"Kona inakuja. Badili gia."

Nikabadili gia. Nikamsikia anacheka peke yake barabarani, mtu mzima, na bomba mkononi.

Saa moja kamili kipaza sauti kikakoroma. "Namba kumi na nne, yupo." Halafu kikaongeza, jambo ambalo halikuwahi kutokea: "Mngurumo safi."

Tuliendelea hivyo miezi miwili na nusu. Mchana nilikunywa maji ya tangawizi na sikuongea na mtu. Majirani walidhani nimeokoka. Zakayo alipata rangi usoni, akaanza kula usiku. Namba kumi na nne ikatajwa kuwa mfano, na Waziri wa Mandhari akaja kumsikiliza kutoka ndani ya gari, vioo vikiwa juu, akasema hajawahi kusikia uzalendo wa namba hiyo.

Ndiyo sababu walimchagua.

*

Barua ya Ikulu ilikuwa na nakshi za dhahabu pembeni. Wajumbe wa mkutano wa hewa safi wangekaribishwa chai bustanini, na namba kumi na nne angewaonyesha jinsi nchi yetu ilivyounganisha teknolojia ya kigeni na pumzi ya kienyeji. Bustani ya Ikulu haina ua. Ina nyasi tu, fupi, hadi ukutani. Na wake hawakualikwa.

"Sema unaumwa," nikamwambia asubuhi ile nikimfunga vifungo vya shati.

"Nikisema naumwa watauliza jana niliwezaje."

"Waambie ilikuwa mimi."

"Halafu wakuweke wapi wewe?" Akanitazama vifundo vya vidole, si usoni. "Ni dakika tano tu, mama. Dakika tano sikosi."

Niliwasha redio, kwa sababu matangazo yalikuwa ya moja kwa moja. Nikasikia vikombe. Nikasikia Mtukufu akisema maneno kuhusu wima na kuinama. Halafu nikasikia kitufe, ile sauti ndogo ya kupuliza uji, na baada yake mume wangu akaanza kunguruma kwa sauti yake mwenyewe.

Alikwenda labda nusu dakika. Kisha kikohozi kikaja. Kilikuwa kile cha zamani, kinachoanzia tumboni, kikakamata na kuachia, kikakamata na kuachia. Nilishika meza.

"Sikilizeni," sauti ya Mtukufu ikasema, na ilikuwa na furaha ya kweli. "Sikilizeni inavyokataa kuwaka. Hii ndiyo petroli halisi ya asubuhi. Huyu ni msanii."

Makofi yakapigwa. Wajumbe wa hewa safi walisimama. Na kadiri walivyopiga makofi ndivyo yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na alikuwa mbele ya wageni, alivyojaribu tena kunguruma, na kikohozi kikarudi, na makofi yakarudi.

Alirudishwa nyumbani kwa gari la serikali akiwa na nishani shatini. Siku iliyofuata ulitoka waraka kwamba kila mngurumo uanze kwa kukohoa mara tatu.

Zakayo Mtepa alifariki siku kumi na moja baadaye, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshikia kikombe. Tulimzika kwao. Ofisi haikutuma mtu, na sikushangaa, kwa sababu sikupeleka taarifa. Sikujua ingepelekwa idara gani.

*

Siku ya tano baada ya maziko nilikuwa sipati pa kukaa. Kila kiti kilikuwa na moto. Nilitoka kabla hakujapambazuka vizuri, miguu ikanipeleka nyuma ya michongoma, na ilipofika saa kumi na mbili nikakohoa mara tatu kama waraka unavyotaka, nikanguruma.

Saa moja kamili kipaza sauti kikakoroma.

"Namba kumi na nne, yupo."

Nilikwenda na kesho yake. Nilikwenda mwezi mzima, na wa pili, na wa tatu. Sikudanganya mtu, sikuandika popote. Nilisimama tu nyuma ya ua nikinguruma hadi nisikie lile neno, kisha nikamalizia zamu, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kuacha zamu.

Lakini mbele ya ua hapakuwa na mtu. Kaskazini waliendelea kupuliza, na majani yakivuka kipande cha namba kumi na nne hayakurudishwa. Yalirundikana. Kwanza yalifunika mtaro, halafu ukingo, halafu yakaanza kula lami. Mikono yangu ilitaka fagio. Magari ya wakubwa yalipita kando ya rundo na hakuna aliyeuliza, maana mngurumo ulikuwa unasikika. Hadi pikipiki moja ya msafara wa Mtukufu ikazama humo na askari wake.

Asubuhi iliyofuata Bwana Lutengano alishuka ghorofa ya nne kwa miguu yake. Nilimwona kupitia michongoma, anakuja na daftari kifuani, anaweka mguu kama mtu anayevuka mto. Majani yalimfika magotini. Alisimama akasikiliza. Nikaendelea kunguruma. Akafuata sauti hadi kwenye ua, akatenganisha matawi, tukatazamana.

Nikanyamaza.

"Shemeji," akasema. "Namba kumi na nne yuko wapi?"

"Amepumzika, bwana."

"Amepumzika saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Zamu haijafika hata chai."

"Amepumzika tangu mwezi wa nne."

Alifungua daftari akarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mstari. "Haiwezekani," alisema polepole. "Hapa yupo. Jana yupo. Juzi yupo. Wiki iliyopita nimeandika mwenyewe, mngurumo safi."

"Huo ulikuwa wangu."

"Wote?"

"Wote isipokuwa ule wa Ikulu."

Akafunga daftari, akalifungua tena. Nilimwona anaelewa, kidogokidogo.

"Kwa ruhusa ya nani?" akauliza.

Sikujua anauliza ruhusa ya kunguruma au ya kupumzika, na nadhani yeye pia hakujua. Jani la mkungu likaanguka juu ya ukurasa. Bwana Lutengano akatazama kushoto na kulia, akimtafuta mwenye kazi hiyo. Hapakuwa na mtu. Basi akainamisha kichwa akalipuliza kwa mdomo, taratibu, bila sauti yoyote, likaondoka.

Akatoa kalamu, akaandika, akasoma alichoandika kama alivyozoea, ila bila kipaza sauti. "Namba kumi na nne, amepumzika. Ruhusa inafuatiliwa."

"Andika na jina," nikasema.

"Daftari lina namba tu, shemeji."

"Najua."

Alitazama kule juu kwenye ghorofa yake, ambako hakukuwa na mtu wa kumwona. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Kaskazini walikuwa wamevuta kamba na mashine zao zimekubali, zote kwa mpigo, na moshi ukaanza kuvuka barabara. Akaniinamishia sikio, akaniuliza linaandikwaje.

Ikabidi nimtajie herufi moja moja, kwa sauti.